Elimu ya Nyumbani Katika Vijiji vya Dhahabu

Kila mwaka, mwezi wa Desemba unapoingia, shule zetu za msingi hufungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Katika vijiji vya wakulima watoto wengi huelekea shambani pamoja na wazazi wao, kwa kuwa mvua za kupandia zimekwisha kuanza. Lakini katika vijiji vya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama vile Mwakitolyo katika Wilaya ya Shinyanga na vijiji kadha wa kadha vya Geita, ipo njia nyingine inayowavuta watoto, nayo ni ile iendayo mialoni, mahali ambapo mawe yaliyosagwa huoshwa ili kupata dhahabu. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwamba wiki ya mwisho kabla ya likizo hiyo yafaa itumiwe na kila familia kwa kusoma na kujifunza nyumbani, na kwamba katika maeneo ya dhahabu jambo hili linahusu akili na afya ya mtoto kwa pamoja.

Yafaa kwanza tuondoe shaka moja. Katika nchi kama Uingereza na Marekani, sheria humruhusu mzazi kumfundisha mwanawe nyumbani badala ya kumpeleka shuleni. Kwetu sisi, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 humtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na kuhakikisha kwamba anahudhuria. Nasi hatupendekezi vinginevyo. Tunalosema ni kwamba nyumba hufundisha, mzazi apende asipende. Mtoto wa mchimbaji aghalabu hujua kutikisa karai kabla hajajua kugawanya kwa tarakimu mbili, wala hakuna aliyemwekea ratiba ya somo hilo. Amejifunza kwa kutazama wakubwa. Isitoshe, habari za dhahabu mpya zikisikika mahali pengine, familia nyingi hufunga mizigo na kuufuata mfumuko huo. Shule haihami pamoja nao. Mwalimu wa pekee ambaye mtoto huyo hasafiri bila yeye ni mzazi wake.

Wazo la kujifunza karibu na nyumba kwa mambo ya maisha si geni katika nchi yetu, wala si geni katika Kanda ya Ziwa. Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa ulianzishwa katika mikoa ya Ziwa Viktoria kwa msaada wa UNESCO, na miongoni mwa vitabu vyake vya kusomea vilikuwamo vilivyohusu kilimo cha pamba, zao ambalo wasomaji wenyewe walikuwa wakililima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Walisoma jambo wakalitenda siku zile zile. Kinyume chake, shule zote zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na wanafunzi wa shule za msingi wakakaa nyumbani hadi tarehe 29 Juni, masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, lakini nyumba isiyo na mazoea ya kusoma haikuweza kuyaanza kwa siku moja.

Basi familia ya Mwakitolyo yaweza kufanya nini katika wiki moja, jioni baada ya kazi, kwa muda wa nusu saa au saa moja? Tuchukue mfano.

Siku ya kwanza mama atoe kadi ya kliniki ya mtoto mdogo. Ndani yake umo mchoro wa ukuaji, umri ukienda upande na uzito ukipanda juu. Mwanafunzi wa darasa la tano aeleze kwa sauti mstari wa mdogo wake umepita wapi, ulishuka mwezi gani, na mama aseme ni ugonjwa gani uliompata mwezi huo. Hapo mtoto amesoma grafu ambayo ina maana kwake.

Siku ya pili iwe ya mvua. Kopo lenye kuta zilizosimama wima, likiwekwa mahali pa wazi, ni kipimamvua cha kutosha. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji juu ya kila meta moja ya mraba. Paa la bati lenye meta 5 kwa meta 8 lina meta 40 za mraba. Basi mvua ya milimita 25 hulishushia lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mtoto achukue vipimo vya nyumba yao mwenyewe, afanye hesabu, kisha amwulize baba maji hayo yalikwenda wapi.

Siku ya tatu azungumze babu au bibi, na mtoto aandike. Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lisiguswe wakati wa mvua ili liwafae mifugo wakati wa kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika mwaka 2004, uliitumia desturi hiyo kurudisha uoto katika mkoa uliokuwa umepoteza miti mingi. Mtoto aorodheshe miti ambayo mzee anaikumbuka, kwa majina ya Kisukuma, na matumizi ya kila mmoja. Kazi hiyo ni utafiti kamili.

Siku ya nne iwe ya dhahabu yenyewe. Chupa ya lita moja ikijazwa maji, maji hayo huwa na uzito wa kilo moja. Jiwe jeupe gumu ambamo dhahabu hupatikana, kwa ujazo huo huo, lingekuwa na kilo 2.65, na dhahabu yenyewe kilo 19.3. Ndiyo sababu karai likitikiswa majini mchanga huondoka na dhahabu hubaki chini. Mtoto aweza kuithibitisha kanuni hii kwa nati ndogo ya chuma na mchanga safi wa mtoni, pasipo kugusa marudio ya mialoni.

Siku ya tano ndiyo ngumu, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Ni siku ya zebaki.

Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu zikawa donge moja. Donge likichomwa, zebaki hugeuka mvuke na dhahabu hubaki. Huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi, lakini hata bila moto hutoa mvuke kidogo kidogo. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Mtu akiuvuta, kiasi kama asilimia 80 huingia mwilini kupitia mapafu, na madhara yake huangukia ubongo na figo. Ubongo wa mtoto, na wa yule aliye bado tumboni, ungali unajengwa, na kwa hiyo huumia zaidi. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, umetaja uchomaji katika maeneo ya makazi miongoni mwa mambo ya kukomeshwa. Kadhalika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huhesabu uchimbaji kuwa kazi ya hatari kwa mtoto.

Mzazi anayechoma donge kwenye jiko la nyumbani, kisha akamketisha mwanawe hapo hapo asome, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Haifai tumlaumu kana kwamba anafanya makusudi. Wengi huchomea nyumbani kwa kuhofia kuibiwa dhahabu yao. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni kijiji kutenga mahali pa kuchomea palipo mbali na makazi na penye ulinzi, na kutumia chombo kilichofungwa ambacho hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Chombo hicho humrudishia mchimbaji sehemu kubwa ya zebaki aliyoinunua, na hesabu ya faida hiyo aweza kuifanya mtoto wake.

Watakuwapo watakaosema kwamba wazazi wengi hawakusoma vya kutosha, tena wamechoka. Jibu letu ni kwamba mpango huu haumtaki mzazi awe mwalimu. Humtaka akae, asikilize mtoto akisoma, aulize maswali, na aeleze yale anayoyajua, ambayo si machache. Mchimbaji anayetambua mwamba kwa rangi na uzito wake ana elimu. Iliyobaki ni kuiunganisha na ile iliyomo daftarini.

Tunapendekeza kwamba walimu wakuu, kabla ya kufunga shule, wampe kila mwanafunzi karatasi moja yenye kazi za namna hii, zikihusu mvua, malisho, vipimo na zebaki, na mwezi Januari darasa lianze kwa kusikiliza majibu. Siku ya sita ya wiki hiyo familia yaweza kupumzika. Ila tungependa kabla ya likizo kuanza baba na mama wawe wamekubaliana jambo moja mbele ya watoto wao: kwamba zebaki haitaingia tena ndani ya nyumba.