Uchambuzi: Hofu ya muuguzi, upande usiohesabiwa wa janga

Mlipuko wa maradhi ya kuambukiza unapotangazwa, takwimu za kwanza kutolewa huwa za wagonjwa na za waliofariki. Hofu ya wanaowahudumia haihesabiwi, ingawa mara nyingi ndiyo inayoamua iwapo mlango wa kituo cha afya utabaki wazi.

Bugarama, eneo lililo kati ya Bujumbura na mji wa Rumonge, lisilopaswa kuchanganywa na Bugarama ya Muramvya, ni mahali panapodhihirisha hilo. Barabara inayofuata ufuo wa Ziwa Tanganyika hupitisha wafanyabiashara kutwa nzima. Ng'ambo ya ziwa ni Kivu Kusini, mkoa wa Kongo ambako aina mpya ya virusi vya mpox iligunduliwa katika mji wa madini wa Kamituga. Na katika vituo vya afya vya mashambani nchini Burundi, anayempokea mgonjwa kwanza si daktari, bali ni muuguzi.

Hofu yenye sababu

Burundi ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 31 Machi 2020. Mwezi Mei, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ilimfukuza mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani, WHO. Mwishoni mwa Juni, Rais mpya Évariste Ndayishimiye aliutangaza ugonjwa huo kuwa adui mkubwa wa taifa, na kampeni ya upimaji ikaanza. Hata hivyo, chanjo ilianza kutolewa tarehe 18 Oktoba 2021, zaidi ya miezi 18 baada ya kisa cha kwanza. Julai 2024 ukaja mpox.

Hofu ya wauguzi katika mazingira hayo haikuwa udhaifu wa moyo. WHO inakadiria kuwa wahudumu wa afya wapatao 115,500 walifariki duniani kwa sababu ya korona kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Katika nchi jirani ya Rwanda, mlipuko wa Marburg wa mwaka 2024 uliambukiza watu 66, na wengi wao walikuwa wahudumu wa afya.

Maneno peke yake hayatoshi

Afrika Mashariki ina mafunzo yake. Mwaka 2000, Ebola ilipoingia Gulu, kaskazini mwa Uganda, wauguzi wa hospitali ya Lacor walishuhudia wenzao wakifa mmoja baada ya mwingine. Walipokusanyika wakitaka kuacha kazi, mganga mkuu Matthew Lukwiya hakuwakemea. Aliwaeleza kuwa hatamzuia anayetaka kuondoka, lakini yeye atabaki. Wengi walibaki. Lukwiya mwenyewe alifariki kwa Ebola tarehe 5 Desemba mwaka huo. Kilichowatuliza watu wale ni kiongozi aliyesema ukweli na kushiriki hatari pamoja nao wodini.

Kenya inatoa funzo la upande wa pili. Desemba 2020 wauguzi waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Walikuwa wamesifiwa kuwa mashujaa, lakini sifa haiwi barakoa, wala haimlishi yatima wa muuguzi aliyefariki.

Ushauri unaohitaji kupimwa upya

Machi 2020, WHO ilishauri wahudumu wabadilishane zamu kati ya kazi nzito na nyepesi, wageni wa kazi wafanye kazi pamoja na wazoefu, na taarifa sahihi ziwafikie wote. Ushauri huo ni mwema, lakini unachukulia kuwa watu wa kubadilishana zamu wapo. Katika kituo kidogo chenye wauguzi wachache, ambacho tangu mwaka 2006 hutoa matibabu bila malipo kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua, anayepumzishwa huacha foleni nyuma yake.

Kwa hiyo msaada unapaswa kutoka nje ya kituo: muuguzi wa akiba kutoka hospitali ya wilaya, mtaalamu wa kupigiwa simu usiku mgonjwa anaposhukiwa, chumba cha kumtenga, na maji ya uhakika. Linahitajika pia jibu la wazi, lililoandikwa kabla ya mlipuko, kwa swali ambalo kila muuguzi hujiuliza arudipo nyumbani: nikiugua, nani atanitibu, na wanangu watalelewa na nani?

Majirani nao wana sehemu yao. Muuguzi anayeepukwa kisimani au mwenye nyumba anapomtaka ahame hubeba mzigo wa pili. Redio, kwa Kirundi na kwa Kiswahili kinachozungumzwa sana Rumonge, inaweza kueleza jinsi ugonjwa unavyoambukiza na jinsi usivyoambukiza.

Hofu haitatoweka, na pengine haipaswi kutoweka, kwa kuwa ndiyo inayomkumbusha muuguzi kunawa mikono na kuvaa glavu. Jukumu la serikali na washirika wake ni kuhakikisha kwamba anapozitafuta glavu hizo, anazikuta.