Hisabu ya Makosa Mawili



Juma lililopita binti yetu mmoja hapa Msambweni alirudi nyumbani na daftari la hisabati lenye mkato mwekundu. Swali lilikuwa la kwetu hasa: muuzaji alipeleka nazi soko la Ukunda, akauza kila moja shilingi 40, akalipa nauli shilingi 200 kutoka katika mauzo hayo, akarudi nyumbani na shilingi 1,000. Aliuza nazi ngapi? Binti aliandika 25, na kando ya mkato ule hapakuwa na neno jingine.

Tulimwuliza, "Mwanangu, hii 25 umeipataje?" Kwanza alinyamaza, maana watoto wetu wamezoea kuwa anayeulizwa ndiye mwenye hatia. Kisha akaeleza: aligawanya 1,000 kwa 40. Katika kugawanya hakukosea hata kidogo. Alipofika kwenye maneno "akarudi nyumbani" alisita, akachukua kalamu, akaongeza 200, akapata 1,200, na nazi 30. Hakuna aliyemwonyesha.

Mkato ule peke yake ungemwambia nini? Labda kwamba hajui kugawanya; au kwamba hisabati si ya wasichana, neno tulilolisikia wengi wetu tulipokuwa na umri wake, tukaliamini. Bakora imepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu mwaka 2001, lakini kicheko cha darasa zima hakina waraka wa kukizuia. Mtoto aliyechekwa mara mbili huacha kunyoosha mkono, na kosa lake hubaki naye kimya kimya mpaka mwisho wa shule.

Chuoni twajua namna nyingine. Mtoto akitamka herufi si mahali pake, maalimu humsimamisha papo hapo, husikiliza ulimi umeteleza wapi, kisha humrudisha kwenye aya. Asiyesoma kwa sauti hasahihishwi.

Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu walikwenda mbali zaidi. Walikuwa na njia iliyoitwa hisab al-khata'ayn, yaani hisabu ya makosa mawili (na khata hiyo ni ndugu wa hatia yetu). Qusta ibn Luqa, Mkristo wa Baalbek aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika risala kuthibitisha kuwa njia hiyo ni sahihi. Chukueni 25 ya binti yetu: muuzaji angerudi na 800, pungufu ya 200. Kisieni tena, tuseme 40: angerudi na 1,400, ziada ya 400. Sasa zidisheni kila kisio kwa kosa la mwenzake: 25 mara 400 ni 10,000, na 40 mara 200 ni 8,000. Jumla ni 18,000. Igawanyeni kwa jumla ya makosa, 600, mtapata 30. Pasipo yale makosa mawili, njia hii haina pa kuanzia.

Walimu wetu wana madarasa makubwa, wala hatuwalaumu wakishindwa kumwuliza kila mtoto. Lakini "umeipataje?" huulizwa hata jikoni, mama akikuna nazi, na mama ambaye hakwenda shule aweza kuliuliza sawa na mwalimu, kwani anayejibu ni mtoto.

Binti yetu alirudisha daftari bila kuifuta 25. Chini yake aliandika: nilisahau nauli.