Sumaku Imesingiziwa

Msomaji, katika mji wetu wa Mlolongo, kama katika miji mingine mingi, wapo waaminio kwamba sumaku ikikaribia kompyuta hufuta kila kilichomo. Kwa imani hiyo sumaku hufungiwa kabatini, na mwanafunzi huchora nguvu zake kwa chaki asipate kuzishika kwa mkono. Mimi naipinga imani hiyo.

Haikuzuka bure, nakubali. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine iliyohifadhi habari katika diski 50 zilizopakwa oksidi ya chuma, na maandishi yake yalikuwa alama za usumaku. Zikafuata kaseti, diski laini, na ule utepe mweusi nyuma ya kadi ya benki. Vitu hivyo sumaku huviharibu, wala sibishani na mtu juu ya hilo.

Lakini tazama ulichonacho leo. Flashi na kumbukumbu ya simu, ambazo asili yake ni ubunifu wa Fujio Masuoka wa Japani katika miaka ya 1980, huhifadhi habari kwa chaji za umeme zilizonaswa ndani ya vijumba vidogo mno vya silikoni. Hazina usumaku wa kufutwa. Na ile diski ngumu izungukayo ndani ya kompyuta nyingi za shule? Hiyo huandika kwa usumaku hata sasa, lakini tumboni mwake imebeba sumaku kali zisogezazo mkono wake wa kusomea. Sumaku ya mlango wa kabati itaitishia nini?

Adui zake tunaishi nao. Vumbi la malori yaendayo mizani, na la saruji ya Athi River, huingia kila tundu. Umeme hukatika ghafula. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Kisha kuna ubahili wa nakala, nao ndio mbaya kuliko yote: alama za darasa zima huwekwa katika flashi moja, na flashi hiyo hupanda matatu kila jioni mfukoni mwa mtu mmoja. Ikidondoka, ni nani atakayeilaumu sumaku?

Basi iombeni sumaku hiyo, kwa adabu, itoke kabatini. Unga wa chuma mtaupata bure kwa mafundi wachomeleao mageti kando ya barabara. Nendeni na karatasi nyeupe na kopo tupu.