Nyoka asiyetufaa kitu

Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi tulipoua nyoka njiani tukitoka shule ya Jumapili. Alikuwa mdogo, wa rangi ya majani, na nadhani hakuwa na madhara yoyote. Mzee mmoja wa kanisa alitupita, akaziona fimbo zetu, akatusifu: tumetimiza Mwanzo 3:15! Tulifika nyumbani tukijiona mashujaa wa imani.

Nimemkumbuka mzee yule wiki hii nikisoma habari za nyoka ambaye huenda wewe na mimi tusimwone maishani. Anajulikana katika milima miwili tu duniani, yote ya kwetu: Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, na Mlima Kenya. Makao yake ni kule juu miti inakokwisha, kati ya mita 2,700 na 3,800, ndani ya mafungu ya nyasi ngumu. Kwa kawaida hazidi urefu wa rula ya mtoto wa shule. Mtaalamu George Boulenger alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka wa 1910 kule London, na leo wataalamu humwita Montatheris hindii. Ni wa jamaa ya kifutu, kwa hiyo ana sumu. Lakini katika jenasi yake yuko peke yake, hana ndugu.

Maisha yake ni ya kungoja. Usiku kule juu maji huweza kuganda, na nyoka hana joto lake mwenyewe. Basi hujificha ndani ya nyasi hadi jua litoke. Likishika, naye hutoka kuliota, kisha huwinda vinyonga, mijusi na vyura. Ukungu ukishuka, hurudi ndani. Hatagi mayai, huzaa watoto wachache tu, wawili au watatu, wakiwa hai.

Mzee wetu alikosea wapi? Laana ya Mwanzo 3 ilimwangukia mdanganyifu wa Edeni, na Kanisa tangu zamani limeusoma mstari wa 15 kama habari ya Kristo kumshinda Shetani. Si kibali cha kubeba fimbo. Viumbe watambaao waliumbwa siku moja na ng'ombe wako, na Mungu alipowatazama aliona kuwa ni vyema. Sisemi umwache kifutu mlangoni watoto wakicheza. Mama anayemwua hapo hana kesi nami. Nasema juu ya yule ambaye hajawahi kutufuata nyumbani.

Sisi ndio tunaomfuata, kwa moto. Machi 2012 uliwaka Mlima Kenya, Februari 2022 ukawaka Aberdare, na hiyo ni miwili tu niliyoikumbuka haraka. Mioto mingi ya huko huanzia mikononi mwa watu: warina asali wenye mienge, wawindaji haramu, wachoma makaa. Nyati hukimbia. Nyoka aliyekufa ganzi kwa baridi ndani ya fungu la nyasi atakimbilia wapi?

Ningeweza kukushawishi kwa njia rahisi, nikakukumbusha kwamba maji ya Nairobi, yale ya Ndakaini na Sasumua, hutoka Aberdare. Ni hoja ya kweli, nami huitumia. Lakini siku hizi inanichosha kidogo, kwa sababu huanza na kuishia kwenye mtungi wetu. Nyoka huyu hatupi maji wala maziwa, na watalii hawapangi foleni kumtazama. Tukimpima kwa faida, hana hata shilingi moja.

Soma Ayubu 38, mstari wa 25 hadi 27. Ayubu amepoteza mali, watoto na afya, na ana maswali ya haki kabisa. Mungu anamjibu kwa kumwuliza ni nani aletaye mvua mahali asipokaa mtu yeyote, majani yakachipuka huko. Kisha anampeleka kwa kunguru, kwa mbuzi wa majabalini, kwa mbuni. Kwa miaka mingi niliihubiri sura hiyo kama habari ya ukuu wa Mungu, nikaishia hapo. Sikuona kwamba Mungu anayanywesha majani yasiyo na mnunuzi, na anataka Ayubu ajue hivyo.

Makanisa yetu yameizunguka milima hii pande zote, Nyeri, Kinangop, Murang'a, Meru. Baadhi ya wanaopanda na kiberiti Jumamosi huketi kwenye viti vyetu Jumapili, na sadaka yao tunaipokea. Tunawaita walevi mbele ya wazee wa kanisa. Tunawaita wazinzi. Sijapata kusikia mtu akiitwa kwa sababu alichoma nyasi za mlimani, na katika miaka yangu yote ya kuhubiri, mimi mwenyewe sijamwita hata mmoja.

Ikiwa wewe ni mrina asali, sikukatazi kazi yako. Mwenge uzime kwa maji, na usishuke kabla hujayagusa majivu kwa mkono na kuyakuta baridi. Januari, nyasi zikianza kukauka, nakusudia kulisema hili mimbarani, na nyoka nimtaje. Najua kuna watakaocheka.