Maji Nayo ni Posho ya Mbwa wa Kazi

Neno posho lina heshima yake katika makambi yetu. Kwa asili ni chakula agawiwacho mtu kwa kipimo; nchini Uganda limekuwa pia jina la unga wa mahindi na la ugali wenyewe. Huenda ndiyo sababu, itajwapo posho ya mbwa, mawazo ya wengi hukimbilia sufuria, na maji husahauliwa. Usahaulifu huo yafaa ukomeshwe, na hasa katika sehemu zenye jua kali kama Kuluba.

Kuluba imo katika wilaya ya Koboko, ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Arua. Barabara itokayo Arua hupita humo hadi Oraba, mpakani, ikitazamana na Kaya ya Sudan Kusini. Mpaka wa Kongo nao hauko mbali. Malori, wafanyabiashara na wakimbizi hupita njia hiyo, na ulinzi wake si kazi ndogo. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kiangazi, na mchana joto hupita nyuzi 30 kivulini. Mbwa apelekwapo huko kupekua mizigo hukanyaga lami yenye moto zaidi ya hewa aivutayo askari wake.

Ndugu askari, mwili wa mbwa si kama wako. Wewe hutoka jasho mwili mzima. Yeye hutoka jasho kidogo tu katika nyayo. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kutweta, yaani kuyageuza maji ya kinywani na mapafuni kuwa mvuke. Maji yakipungua mwilini, kujipoza nako hupungua. Isitoshe, mbwa anayetweta kwa nguvu hanusi vyema, kwani pumzi yake imeshughulika na joto. Basi mbwa mwenye kiu aweza kulipita gunia lenye magendo au silaha bila kutoa ishara yoyote, na askari wake akaamini kwamba gunia lile ni salama. Hasara hiyo haiwi ya mbwa peke yake.

Wapo wasemao kwamba mbwa alaye chakula cha kupikwa hahitaji maji mengi, kwa kuwa chakula chenyewe kina maji. Neno hilo lina ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari kazini. Tupige hesabu. Mbwa mwenye uzito wa kilo 30, akiwa amepumzika mahali pa baridi, huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo, yaani lita moja na nusu au zaidi kidogo kwa siku. Akila kilo moja na robo ya ugali, nyama na mboga, chakula ambacho karibu sehemu 7 katika 10 ni maji, atakuwa amepata kiasi cha mililita 875. Zimebaki zaidi ya mililita 600 za kunywa, naye bado amelala kivulini! Akifanya kazi juani, mahitaji yake yaweza kuongezeka mara mbili, hata mara tatu. Sufuria haiwezi kulijaza pengo hilo.

Tena si kila sufuria ina maji sawa. Ugali mgumu una maji machache kuliko uji. Dagaa wakavu na samaki wa chumvi huongeza kiu, kwa maana figo huhitaji maji ili kuitoa chumvi katika mkojo. Nyama nyingi nayo huacha taka ambazo hazina budi kutolewa kwa njia hiyo hiyo. Mabaki ya jikoni ya askari, yaliyotiwa chumvi na vitunguu, hayafai kabisa. Kitunguu ni sumu kwa mbwa. Apikaye na apike bila chumvi, na supu isiyo na chumvi aimwagie ugali kabla ya kuuandaa.

Jambo jingine hutokea wakati wa safari. Mbwa aliyezoea chakula cha kupikwa hupelekwa doria kwa chakula kikavu cha dukani, ambacho maji yake ni kama sehemu 1 katika 10 tu. Siku hiyo hiyo maji ya kunywa hayana budi kuongezwa sana. Askari akipima kwa mazoea ya jana, atamkausha mbwa wake bila kujua.

Twajua litakaloulizwa: wananchi wenyewe hupanga foleni kisimani wakati wa kiangazi, mbwa atapewaje maji? Swali ni la haki. Lakini lita 4 kwa siku humfanya mbwa mmoja atumie dumu la lita 20 kwa siku 5. Hicho si kiasi cha kumnyima mtu maji yake. Na katika West Nile, wenye Waislamu wengi, hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu yafahamika vizuri. Chombo cha mbwa na kiwe chake peke yake, usafi wa watu ulindwe, na neno liishe.

Dalili za hatari zatambulika bila vyombo vya daktari. Ivute ngozi ya mabegani kisha uiachie. Isiporudi mara moja, maji yamepungua. Gusa ufizi; ukiwa mkavu au unanata, acha kazi. Mbwa akiyumba, akitapika au akizimia kwa joto, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mganga wa mifugo aitwe. Asiye na fahamu asimiminiwe maji kinywani. Naye asiyeweza kumeza huku akitokwa na mate, usimtie mkono kinywani, kwani huenda ni kichaa cha mbwa.

Kazini, maji kidogo kila mara ni bora kuliko ndoo nzima kwa pupa baada ya mbio. Nasi twawaomba maafande wanaosimamia vikosi vya mbwa waagize jambo moja jepesi: katika daftari lile lile iandikwamo posho ya mbwa, pawe na safu ya maji, ikionyesha lita alizopewa na lita alizokunywa. Safu hiyo ikiwa tupu, mkuu wa zamu aulize sababu kabla mbwa hajapanda gari kwenda mpakani.