Kukaidi si kubeba bunduki

SALAMABILA, Kabambare – Kuna neno la Kiingereza linalorudi mara nyingi katika habari za dunia: defiant. Wengi wa Kasongo na Kabambare waliosoma Kifaransa hudhani wanalijua, kwa sababu Kifaransa nacho kina défiant. Lakini kwa Kifaransa ni mtu mwenye mashaka, asiyeamini wenzake. Kwa Kiingereza ni mtu anayemkatalia mkubwa waziwazi, huku akijua kwamba mkubwa huyo anaweza kumuumiza.

Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote hayo. Mkaidi ni lawama: hafaidi mpaka siku ya Idi. Jasiri ni sifa, lakini hasemi anamkatalia nani. Mwasi tayari yuko msituni na silaha. Ndani ya pengo hilo wenye bunduki wamejipatia sifa isiyo yao.

Malalamiko ya Salamabila ni ya kweli. Dhahabu ya Namoya ilichimbwa na kampuni ya Banro ya Kanada mpaka kazi iliposimama mwaka 2019, na raia walidai kazi, ardhi na mahali pa kuchimba kwa mikono. Mai-Mai Malaika walisema wanatetea madai hayo. Wako vijana wanaowaita mashujaa waliokataa kuinama.

Vijana hao wajibu swali moja. Kama kukaidi ni kumkabili mkubwa, mama anayetoka shambani na kapu la mihogo ni mkubwa wa nani? Anayemsimamisha kwenye kizuizi amemkabili nani? Kumtisha mnyonge si ukaidi, ni unyang'anyi. Na sheria hiyo ni moja kwa wote: aliyevaa hirizi shingoni na aliyevaa sare ya taifa, akimtoza raia njiani, jina lake ni lile lile.

Wazee wa Maniema wanakumbuka mwaka 1964, Simba walipopita na vijana wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Jina la Mai-Mai bado linabeba ahadi hiyo. Waliolipa ni wanavijiji.

Mkaidi wa kweli yupo, ila habari hazimtaji. Ni kijana wa shimoni anayeitwa msituni na kusema hapana. Ni mwalimu anayeandika ubaoni ijapokuwa mshahara haujafika. Ni familia iliyokimbia, inayolala kwa jamaa, na bado inakataa kuita shamba lake kitu kilichopotea. Hao wote hawana bunduki, na wote wana cha kupoteza.

Basi wanaotangaza redioni na wanaohubiri msikitini na kanisani waache kuwagawia wenye silaha sifa hii bure. Wanaofukuza watu vijijini waitwe wafukuzaji. Neno la heshima wawekewe waliofukuzwa, kwa kuwa wanadai mchana, uso wazi, kurudi nyumbani.