Kahawa Inalipa, Lakini Nani Anaangalia Kondoo wa Shosh?

Kama kwenu ni Kisii ama Nyamira, story ya kahawa ishafika kwa group ya familia. Februari 2025, arabika ilivuka dola 4 kwa ratili kwenye soko la New York. Bei kama hiyo ikitajwa, hata miti ya babu iliyoachwa kitambo inaanza kupaliliwa, na pampu ya dawa inarudi mgongoni.

Hiyo pampu ndio tunafaa kuiongelea. Dawa nyingi za kutu ya majani na ugonjwa wa matunda ya kahawa ni za shaba, ile ile ya waya za stima. Mti unapona, sawa. Lakini nyasi ya chini nayo imeoga dawa, na kondoo anaikula.

Kila mnyama anahitaji shaba kidogo. Ikizidi, ng'ombe huvumilia kiasi kwa sababu nyingine inatoka na nyongo. Kondoo hana hiyo bahati. Ini lake linaweka tu, kama sacco ya kuingiza doo bila kutoa. Miezi inaweza pita na unamwona yuko fiti. Halafu anapata stress, labda amesafirishwa mbali ama amekosa chakula, na ini linaachilia yote mara moja. Shaba inaingia kwa damu, chembe nyekundu zinapasuka. Macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi, figo zinageuka nyeusi. Siku mbili tatu, ameenda.

Hapo sasa jirani anaanza kushukiwa eti ametega sumu. Nani atakumbuka pampu ya miezi mitatu iliyopita?

Na usiseme tu "wachunge mahali pengine." Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba Kisii. Kahawa, nepia, nyumba na kondoo wote wanabanana kwa kipande kimoja. Pengine ni wapi?

Njia ya maana ni kupunguza dawa yenyewe. Ruiru 11 ilitoka 1985, Batian ikafuata 2010, na zote zinahimili hayo magonjwa mawili. Kwa hivyo kiongozi akija kwenu na hotuba ya kufufua kahawa, muulize miche iko wapi. Wewe pia, ukituma doo ya dawa, fikiria kutuma ya miche.

Kabla ifike, mwambie shosh hivi: asikatie kondoo nyasi ya chini ya kahawa iliyopigwa dawa. Chumvi ya ng'ombe asimpe kondoo, mara nyingi ina shaba. Na akiona macho ya manjano, aite daktari wa mifugo. Asikimbilie kisu, juu sumu yenyewe imejaa kwa maini, na hayo ndio watoto hukaangiwa kwanza.